Milango Sita ya Mama Alima

Mama Alima hakuipenda simu tangu siku ya kwanza, na alikuwa na sababu zake. Kabla ya kuingia chumba cha bibi harusi, kila mwanamke, awe shangazi wa bwana au mama mzazi, aliitumbukiza simu yake katika beseni la bluu lililokaa mlangoni, na beseni likafunikwa kitambaa cha kikwembe. Aliyejifanya amesahau alipapaswa. Siku moja alimpapasa mke wa imamu, mbele ya watu, na hakuomba radhi.

Alichokilinda kilikuwa wimbo. Bibi yake aliuleta kutoka Kasongo, kule Maniema, enzi za Wabelgiji, na familia za Maniema za Lubumbashi ziliamini kwamba hakuna mwingine mjini aliyeujua. Waliuita Milango Sita. Msichana alikalishwa mkekani, mikono imejaa hina hawezi kugusa kitu, na Mama Alima akapiga sinia la shaba huku akimhesabia milango ya nyumba ya ndoa: macho, masikio, ulimi, mikono, jiko, kitanda. Kila mlango una mafunzo yake. Wa sita ukiisha, sinia liliendelea kulia kitambo kidogo bila maneno, pambo tu, kisha vigelegele, na kila mtu akachukua simu yake akaenda kula.

Alipofundishwa alikuwa na miaka kumi na minane, na bibi alimwapisha. Wimbo huu usiusikilize nje ya chumba, wala usiuache usikike nje. Sasa ana sitini na mbili na kiapo chake hakina hata mkwaruzo.

Basi, Jumatatu ile, Mama Alima yuko uani kwake mtaani Kamalondo anachambua mchele, akaingia Ntumba. Huyu Ntumba ni Mluba wa Kasai aliyesilimu akaolewa na Aboubakar, yule muuza vitambaa wa mjini kati. Binti yao Chadia alikuwa aimbiwe Alhamisi alasiri na kuozwa Ijumaa. Ntumba hakukaa. Simu ilikuwa tayari mkononi, na alimsemesha kwa ule wingi wa heshima.

“Mama Alima, samahani. Niko na kitu ya kuwaonyesha, mais musikasirike.”

Kwenye kioo kulikuwa na mkeka, sinia, na mikono miwili ya mzee. Uso haukuonekana. Sinia likagongwa mara tatu, kisha sauti ikasema, *mlango wa kwanza ni macho, mwanangu, akiingia muone kabla hujamsikia.*

Mama Alima alivua kikwembe cha begani akakitupa juu ya simu ile kama mtu anayezima moto wa mafuta jikoni.

“Funga! Funga hiyo kintu!”

“Ni wimbo yenu?”

“Nimesema funga.”

Ntumba akafunga, lakini mdomo hakuufunga. “Dada ya Aboubakar njo alinitumia, toka Mokambo. Bantu elfu makumi ine bameiona. Na haina yote, Mama, ni kipande kidogo tu, haifike hata dakika moja. Pale mwisho bameandika: ingine iko ku page.”

Hapo damu ilimchemka Mama Alima kweli. Kumbe si kuiba tu, ni kuiba na kuonjesha! Mtu amekata kipande, amekitupa barabarani kama chambo, na nyuma yake amekaa na wimbo wote anasubiri watu wanase. Mama Alima aliwahi kuwaona wauza asali wa sokoni wakimpa mpita njia tone moja kidoleni, na siku zote aliwaona walaghai.

“Baba Chadia anauliza,” Ntumba akaendelea, na sasa sauti ilikuwa ya mtu aliyetumwa, “kama wimbo iko mu telefone ya kila muntu, juu ya nini mutoto yake akae kwa Mama Alima? Mutuambie ni nani aliitoa. Mpaka Alhamisi asubuhi. Kama hapana, tutatafuta mwalimu mwengine.”

Alipoondoka, Mama Alima alibaki na ungo wa mchele magotini. Mwalimu mwingine! Miaka arobaini na minne. Nyumba za Maniema zilikuwa zikipanga tarehe ya harusi baada ya kumuuliza yeye kwanza kama ana nafasi. Akikosa kazi ya Chadia, habari itafika Kolwezi kabla ya pilau ya Ijumaa kuiva, na hakuna atakayempigia tena. Aliogopa, na hofu yake ikatafuta mtu wa kumwangukia.

Maharusi? Hapana, wao mikono ina hina. Mashangazi? Simu zao ziko kwenye beseni, amezipanga mwenyewe. Alipomaliza kuwatoa wote chumbani mmoja mmoja, alibaki mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kupapaswa, kwa kuwa ndiye aliyelishika beseni.

Mounira.

Mounira alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Miaka ishirini na miwili iliyopita yeye mwenyewe aliimbiwa milango sita na Mama Alima, akaolewa Sakania. Mume alipokufa alirudi Lubumbashi, na kwa miaka kumi na mmoja sasa amekuwa msaidizi, anasaga hina, anachemsha maji, anaitikia. Sauti yake ilikuwa nzuri kuliko ya mwalimu wake. Mama Alima alilijua hilo na hakulipenda.

Sasa kila kitu kikaanza kusema. Simu mpya ya Mounira, aliyoinunua mpakani Mokambo alipokwenda kuchukua mafuta ya kula ya kuuza, ya nini kwa mwanamke asiye na mume? Na harusi iliyopita, alipotoka kwenda kuleta maji ya moto, mbona alikawia? Kwa nini wiki tatu hizi alikuwa mkimya, akiongeleshwa anatazama miguu yake? Tena kulikuwa na swali lile. Siku moja wakikoroga hina, Mounira aliuliza habari za yule bibi, bila kuinua macho: “Mama, nkambo yenu aliwafundisha sita tu?” Wakati ule Mama Alima alimjibu ndiyo, sita, na akasahau. Leo aliielewa maana yake vizuri sana. Mwizi ameshauza alichonacho, sasa anapima kama ghalani kumebaki kitu.

Ndiyo, sauti ya kwenye simu ilikuwa ya mzee. Lakini si wanasema siku hizi simu inaweza kumfanya mbuzi aongee Kifaransa? Hilo halikumsumbua.

Jumanne asubuhi Mounira alifika na furushi la majani ya hina. Mama Alima hakumkaribisha kiti.

“Telefone yako iko wapi?”

“Iko hapa.”

“Leta.”

Mounira hakuileta. Alisimama, furushi kifuani, na ule kusita kwake tu kulitosha kumhukumu. Hatimaye akaifungua mwenyewe na kumpa. Mama Alima hakujua kupekua simu, ila hapakuwa na la kupekua. Kwenye vitu vilivyohifadhiwa, cha kwanza kabisa, kulikuwa na mkeka ule, sinia lile, mikono ile miwili. Mounira mwenyewe akasoma tarehe. Wiki tatu.

“Wiki tatu!” Mama Alima alisema. “Wiki tatu unakula kwangu, unanyamaza!”

“Nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia.”

“Namna ya kuniambia unaniuza?”

“Mama, sauti hii mi siijue. Siku moja mapema nilikuwa naangalia video za mapishi, ikapita yenyewe. Hiyo telefone inakuleteaka kintu hujaomba. Niliona mikono tu, nikasikia mulango ya kwanza, nikasema eh, hii ni ya kwetu. Njo nikafuata mpaka kwa page. Video muzima iko kule, dakika kumi na mbili.” Akameza mate. “Mulisikiliza mpaka mwisho?”

“Nisikilize nini? Wizi?”

“Musikilize kwanza, Mama. Mi naomba.”

“Niliapa!” Mama Alima alipaaza sauti hadi jirani akachungulia juu ya ukuta. “Weye pia uliapa, mkononi mwangu. Wimbo haisikilizwe inje ya chumba. Na unasimama hapa unaniambia dakika kumi na mbili!”

Mounira aliweka furushi chini taratibu. Hakulia. Mama Alima angependelea alie, maana mtu asiyelia ana jambo.

“Miye pia niko na kitu ya kuwauliza,” alisema. “Niko nayo wiki tatu. Mais leo hapana, leo mumekasirika.”

Akaenda zake. Mama Alima akamfuata kwa macho mpaka kona, na moyoni akamkabidhi Ntumba jina: Mounira. Hata hivyo hakumtuma mtu kwa Ntumba siku hiyo. Alijiambia anataka apumzike kwanza. Ukweli ni kwamba kila alipolisema jina lile kwa sauti, peke yake jikoni, halikukaa sawa mdomoni. Alijaribu kupiga sinia bila mtu wa kuitikia, akaishia kwenye mlango wa pili.

Jumatano saa nne Chadia alikuja kupimwa hina, kuona kama ngozi yake inaikubali. Msichana wa miaka ishirini na tatu, mwanafunzi wa sheria, mwenye adabu lakini si mwoga. Mama Alima alimpaka kidogo kwenye kiganja, akamwambia asubiri ikauke.

“Mama Alima,” Chadia alisema, “niwaulize kitu kimoja?”

“Uliza, mutoto yangu.”

“Mulango ya saba, kesho mutanifundisha nayo? Juu bashangazi banasemaka sita tu.”

Mama Alima alikuwa anafuta kijiti cha hina. Aliendelea kukifuta.

“Milango ni sita.”

“Mu video iko saba, Mama. Musikasirike. Mama alinikataza, mais kipande kilinipita mara tatu ku telefone, na mi nikishaona mwanzo ya kintu nataka mwisho yake. Nilienda kwa page. Ni bibi mumoja muzee sana, wa Kasongo, bajukuu bake banamuchukua video. Anaimba zote saba.”

Sasa wewe mwenye akili timamu utaona jambo hapa, na Mama Alima hakuwa mjinga. Alikaa chini. Mtu hawezi kukuibia nguo usiyokuwa nayo. Mounira alifundishwa sita na yeye, na yeye alifundishwa sita na bibi. Kama huyo mzee wa Kasongo ana saba, basi hakuna aliyeiba chochote Kamalondo. Na Mounira alimwomba, alimsihi, asikilize mpaka mwisho.

“Weka,” alisema.

“Mama?”

“Weka hiyo video. Muzima.”

Chadia aliibonyeza kwa kidole kisicho na hina. Kiapo cha miaka arobaini na minne kilivunjika uani, mchana kweupe, kuku wakipita. Ilikuwa kama kumsikia bibi yake akiwa chumba cha pili. Macho, masikio, ulimi, mikono. Neno moja hapa na pale lilikuwa tofauti, mengine yote yaleyale. Jiko. Kitanda. Kisha sinia likaendelea kulia, pambo lile lile alilolipiga yeye harusi baada ya harusi bila kulifikiria, na juu ya pambo lile mzee akaimba:

*Mlango wa saba uko nyuma ya nyumba,*
*haukutiwa komeo, mwanangu, haukutiwa komeo.*
*Akiinua mkono, shika nguo yako utoke.*
*Kwetu kuna mkeka, hakuna atakayekuuliza.*

Halikuwa pambo. Lilikuwa mahali pa maneno, na mtu aliyatoa maneno akaacha mapigo. Bibi yake aliyajua. Alitua na mumewe katika mji huu wa wageni, akaimba mbele ya mama za waoaji, na wakati fulani, labda kwa kuombwa, labda kwa hofu tu ya kukosa kazi, akanyamaza kwenye mlango wa saba na kuuacha mkono uendelee. Mama Alima aliwaza hivyo na akamkasirikia maiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Halafu akakumbuka mlango mwingine, wa kwake mwenyewe wa mbao, na hasira ikageuka upande.

Alimwambia Chadia akanawe. Alivaa viatu.

Mounira alipanga chumba mtaani Katuba, kwenye ua wa familia tatu. Mama Alima alimkuta anachagua maharagwe. Mounira alisimama, kwa heshima, akampa kigoda, na mwenyewe akabaki wima.

“Nimeisikiliza,” Mama Alima alisema.

“Yote?”

“Yote. Nisamehe, Mounira. Nilikuita mwizi na haukuiba kintu.”

Mounira alitikisa kichwa kana kwamba hilo halikuwa jambo lenyewe. “Sasa niwaulize?”

“Uliza.”

“Mulijua?”

“Nini?”

“Mulango ya saba. Mulikuwa munapiga sinia yake kila harusi. Kwangu mulipiga. Mulijua maneno, mukanificha?”

Kumbe wiki tatu zile mtuhumiwa alikuwa yeye. Hata kabla hajaanza kumshuku Mounira, Mounira alikuwa akimchunguza yeye kwa pembe ya jicho, na mwenye haki ya kuchunguza hakuwa Mama Alima.

“Sikujua. Mungu ni shahidi yangu. Nilizani ni pambo.”

Mounira aliketi tena mbele ya maharagwe. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, mambo ambayo wote wawili waliyajua na hawakuwahi kuyataja. “Nilitoka Sakania na gari moshi, mukono imevunjika, nimeifunga na kitambaa ya kichwa. Sikwenda kwa mama, juu mama alikuwa amekufa. Nilikuja kwenu. Mulifungua mulango nusu. Muliniuliza: umekosa nini? Nikasema chai ilikuwa baridi. Mukasema milango ni sita, mutoto yangu, yote ya kuingia, rudi kwa bwana. Mukanipa nauli. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Mama. Nilirudi nikakaa miaka kumi na moja, mpaka akafa yeye.”

“Sikujua,” Mama Alima alisema tena. “Kama ningejua iko ya saba...”

“Nawaamini. Hamukujua wimbo.” Mounira aliokota haragwe moja lililoanguka. “Mais hata bila wimbo, mungefungua.”

Mama Alima aliinama akalia waziwazi, kamasi na yote, mpaka mtoto wa jirani akaitwa ndani. Mounira hakumbembeleza. Alimletea maji ya kunawa uso, akarudi kwenye maharagwe.

Baadaye sana Mama Alima alisema, “Kesho mapema nitamwambia Ntumba hakuna mwizi, ni bibi wa Kasongo. Na Chadia utamuimbia weye. Zote saba. Mi nitaitikia.”

“Nitamuimbia.”

“Na bengine? Wale nilishabaimbia? Mumoja iko Likasi, mwengine Kolwezi, bengine banavuka Mokambo sijue bako wapi. Nambari zao sina.”

Mounira alifikiri. “Kipande kilinipata bila nambari,” alisema. “Kilinipata naangalia namna ya kupika samaki.”

Mama Alima alielewa. “Toa telefone yako.”

Alikaa sawa kwenye kigoda, akafunika nywele, akaongea. Alisalimia kwa Kiislamu, akajitambulisha, akaeleza bibi yake alivyotoka Kasongo, akaeleza kiapo, akaeleza jinsi alivyofundishwa sita na kwamba yeye hakujua, Mungu shahidi, hakujua kabisa, akamtaja Mounira na treni ya Sakania, akamaliza na mlango wa saba. Mounira akaitazama, akatikisa kichwa.

“Dakika mbili na nusu. Ni mingi. Bantu banapitisha. Ile ndefu tutaiweka nyuma, ku page, mwenye kutaka atafuata. Huku mbele tunataka kipande kifupi, kitu ya kumushika muntu mukono tu. Nusu dakika. Mukate.”

“Nikate nini?”

“Munajua wenyewe.”

Mama Alima alifunga macho, akapitia maneno yake kama anavyochambua mchele. Akamtoa bibi. Akakitoa kiapo. Akabaki na lile neno moja, sikujua, alilolishikilia tangu asubuhi, lile lililomtetea, na akaona kwamba likibaki hilo, la Mounira halitapata nafasi. Akalitoa nalo.

“Mimi ni Alima wa Kamalondo,” alisema mara ya pili, akitazama kile kijicho kidogo cha simu. “Nilibafundisha milango sita. Iko ya saba, ya kutokea urudi kwetu. Mounira alirudi na mukono imevunjika, na mimi nikamurudisha kwa bwana. Leo ukikuja kwangu, ingia. Sitakuuliza kintu.”

Mounira aliishusha simu. Akaandika chini yake mtaa wa Mama Alima na rangi ya geti lake, akasoma mara mbili, akaituma. Kisha wakaketi wote wawili kumalizia maharagwe, maana kesho yake kulikuwa na kazi.